Utetezi wa Adriano

Adriano alikuwa anatafuta karatasi ya kuwashia mkaa, hana lingine moyoni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, mvua imepiga tangu alfajiri na mkaa umenyonya maji. Mkewe Josefina alishatoka na kapu lake la maparachichi. Adriano akanyoosha mkono juu ya kabati, mahali binti yao Adventina anapopanga madaftari ya shule, akavuta moja lililokwisha, jalada limeng'oka. Akalifunua atafute ukurasa mtupu wa kuchana. Macho yakagonga jina lake.

"Adriano ni mwizi wa ardhi. Ushahidi: anasogeza mpaka siku chache baada ya maziko ya baba yake."

Kiberiti kikamdondoka.

Adriano hakusoma sana. Miaka mitatu kwa masista, kisha mbuzi wa baba yake, kisha barabara. Kiswahili alikiokota humu humu Nyamugari, kwa Waislamu aliokuwa akiwauzia ndizi, na kukisoma alijifunza kwenye vibao vya maduka na magazeti ya kufungia sukari. Lakini jina lake mtu halimpotei. Akakaa kwenye kigoda, akafuata mistari kwa kidole.

"Kaka yake amerudi kutoka ukimbizini, hajui kitu. Adriano anamdanganya kwamba shamba liliuzwa. Anaogopa nini? Anaogopa wazee waliosikia maneno ya mwisho ya baba."

Akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa na maneno matatu tu, yamepigiwa mstari mara mbili: UTETEZI WA ADRIANO. Chini yake hakuna kitu. Mistari mitupu mpaka mwisho wa karatasi.

"Yaani hata utetezi wameona sina," akajisemea.

Sasa, jambo lenyewe ni bora lisemwe kama lilivyokuwa, maana Adriano alikuwa hajalisema hata kwa mkewe. Vita vya tisini na tatu vilipowaka, kaka yake mkubwa, Elikana, alikimbilia Tanzania na mke na mtoto mchanga. Adriano akabaki nyumbani kwao Buraza na baba yao. Mzee alipofika siku zake za mwisho, mwaka wa elfu mbili na kumi, aliita wazee wawili wa kilima, bashingantahe, watu ambao neno likisemwa mbele yao limekaa. Akasema: shamba la juu ni la Adriano, la chini, kuanzia chemchemi hadi mtoni, na migomba yake na kahawa yake, ni la Elikana siku atakayorudi. Kisha akafa.

Elikana alirudi miaka miwili baadaye, kambi zilipofungwa. Adriano akamkumbatia, akalia naye, akamwambia: "Kaka, baba aliuza sehemu yako wakati wa ugonjwa." Akampa mbuzi wawili wa kuanzia maisha. Elikana hakuuliza swali hata moja. Aliwachukua mbuzi wake, akaenda Muyinga kwa ndugu wa mkewe, akafungua banda la kutengeneza baiskeli sokoni. Miaka ikapita. Shamba la chini ndilo lililomleta Adriano mjini, ndilo lililojenga nyumba hii, ndilo lililomfikisha Adventina darasa la mwisho la lise, sekondari ya juu. Likitoka mkononi, hajui atasimama wapi.

Na Adventina, tangu jana Jumapili, alikuwa wapi? Muyinga.

Mwalimu wao wa fasihi, Madamu Emiliana, alihamishiwa huko katikati ya mwaka, kiti chake Gitega kikabaki kitupu. Likizo ya Pasaka ilipofika alituma ujumbe: wanafunzi wanaotaka kujiandaa na mtihani wa taifa wa fasihi ya Kiswahili waje wasome naye wiki mbili. Adventina akaenda na rafiki yake Swabra, binti wa fundi cherehani Houssein, wakafikia kwa Fatouma, shangazi yake Swabra. Lilionekana jambo la kheri. Adriano mwenyewe ndiye aliyembebea begi mpaka kituoni.

Sasa, juu ya kile kigoda, akaanza kuyapanga moja moja. Emiliana amekulia Tanzania, kama watoto wa Elikana. Elikana yuko Muyinga. Na mwezi uliopita, wakiwa wanakula, huyu msichana aliuliza nini?

"Baba, babu alipokuwa anakufa, nani walikuwa chumbani?"

"Kwani mtihani wa taifa watauliza kitanda cha babu yako?"

"Madamu anasema tuulize nyumbani. Jinsi mtu anavyoacha maneno yake ya mwisho."

"Mwambie madamu wako babu aliacha neno moja, kwamba watoto wanyamaze wakila."

Josefina alicheka siku ile, hata Adriano alicheka. Leo hakuona kichekesho kilikuwa wapi.

Alivuka njia mpaka kwa Houssein. Fundi alikuwa barazani kwake, pini mdomoni, anashona sare ya mtu.

"Jirani, binti yako anasema nini huko Muyinga?"

"Swabra? Atasema nini? Anaomba nimtumie inite za simu, asubuhi inite, jioni inite. Mi nafikiri anakula simu."

"Hajasema lolote juu ya shamba?"

Houssein akatoa pini mdomoni na kuondoa mguu kwenye cherehani. "Shamba gani? We Adriano, mi iko na shamba gani? Shamba yangu ni hii mashine."

"Nipigie. Nataka kuongea na mtoto wangu."

Houssein akapiga. Swabra akapokea kwa kunong'ona, simu ikapita mikono, ikaja sauti ya Adventina nayo chini chini, kama mtu aliye kanisani.

"Baba, siwezi kuongea sasa. Tuko kwenye kesi."

"Kesi ya nani?"

"Wazee wameshakaa, baba. Nitakupigia."

Ikakatwa. Adriano akabaki ameishika simu ya mwenzake kama mtu aliyepewa jiwe la moto.

"Iko nini?" Houssein akauliza. "Uso yako imekuwa majivu."

"Hakuna kitu."

"Mais non, iko kitu."

"Nimesema hakuna. Shona nguo za watu."

Kabla ya saa sita alikuwa ameshafika Buraza nyuma ya pikipiki, chupa ya pombe ya ndizi ndani ya mfuko. Kati ya wale wazee wawili waliosikia maneno ya baba yake, mmoja alikuwa ameshazikwa. Aliyebaki ni Nazario. Alimkuta mbele ya nyumba anapukuchua maharage, macho yake yameingia ukungu lakini masikio hayana shida yoyote.

"Huyo anatembea kama Adriano," mzee akasema kabla hajasalimiwa.

"Ndiye, mzee. Nimekuja kukusalimia tu."

"Mavuno bado, na pombe imefika. Mwaka huu umefupishwa?" Akaipokea chupa, akaipima uzito. "Binti yako naye alikuja kunisalimia tu. Yeye hakuleta chupa. Alileta kalamu."

Adriano akajikalisha taratibu kwenye gogo. "Lini?"

"Mwezi uliopita. Mtoto mwenye heshima. Aliuliza jinsi wazee wanavyosikiliza kesi. Nani anaanza kusema, nani anafuata, fimbo inagongwa wakati gani. Nikamwonyesha. Akaandika yote."

"Ni hayo tu?"

"Akauliza na lingine. Kwamba mzee aliyesikia maneno ya marehemu, akiona yanavunjwa, kwa nini ananyamaza?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu lililo kweli. Mzee hasemi mpaka aitwe. Aliyeonewa ndiye anayeita. Mimi nikimfuata mtu nyumbani kwake kumwambia umeonewa, si mwamuzi tena, ni mchochezi."

"Lakini ulimtajia jina la mtu?"

Nazario akafungua chupa, akanywa kidogo, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. "We unataka niwe nimemtajia, au unataka niwe sikumtajia? Sema kwanza, nipate kukumbuka vizuri."

Adriano akasimama. Mzee akamwita mgongoni: "Adriano! Pombe yako naipokea miaka yote hii. Hujaniuliza hata siku moja kama inanikaa vizuri tumboni."

Hakugeuka. Alishuka hadi chemchemi, akasimama kuitazama migomba ya chini, mikungu imeinama vizuri, kahawa imeanza kuiva. Akaona alama za miguu kwenye tope karibu na ua wa minyaa. Akaweka mguu wake juu ya alama moja. Ilikuwa ndogo kuliko wake. Huenda ni mwanamke aliyekuja kuchota maji. Huenda ni msichana mwenye kalamu. Alirudi Nyamugari, Josefina akamuuliza kwa nini hali, akasema meno.

Kesho yake alisubiri kituoni tangu saa kumi na mbili, kwa kuwa magari yenye mafuta siku hizi yanahesabika kwa vidole. Akapata Probox moja, ikapita Karuzi, ikamshusha Muyinga saa nane mchana. Hakwenda kwa Fatouma wala kwa mwalimu. Alikwenda moja kwa moja sokoni, kwa Elikana, kwa kuwa alitaka kumwona kabla hajapata nafasi ya kujitayarisha.

Elikana alikuwa amepindua baiskeli magurudumu juu, anasugua mnyororo. Akainua macho.

"Adriano! Ni wewe mdogo wangu, au ni macho yangu?" Akajifuta mafuta kwenye suruali, akamshika mabega kwa viganja vyeusi. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi kaa, kaa hapa, kigoda hiki ndicho kizima. Hujawahi kufika kwangu hata siku moja, leo jua limechomoza wapi?"

Adriano akakaa, akamtazama. Furaha ile ilikuwa kubwa mno. Mtu anayekushitaki hukupokea hivi? Au ndivyo hasa anavyokupokea?

"Umeshaonana na Adventina?" akauliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Adventina yupi, wako? Yuko Muyinga?"

"Tangu Jumapili."

Uso wa Elikana ukashuka. "Siku tatu hizi mtoto yuko hapa na hajaja kumsalimia baba yake mkubwa?"

Adriano akakumbuka kwamba kule kambini kaka yake alikuwa mwigizaji. Watu wa Buraza waliorudi walikuwa wakisimulia: Elikana akitoka mbele siku ya Ijumaa Kuu, wanawake wanalia mpaka wanabebwa. Basi uso huu nao aliutoa wapi? Akaukazia macho, asione mshono.

"Na kwetu kukoje?" Elikana akaendelea, mkono umerudi kwenye mnyororo. "Ile migomba ya chini, huyo aliyeinunua anaitunza?"

Hilo swali lilimwingia Adriano kama mwiba chini ya kucha. "Anaitunza," akasema.

"Mungu ambariki. Zamani nilikuwa namlaani, sina siri. Siku hizi nasema, maskini, alikuta kitu kinauzwa akanunua. Kosa lake nini? Yeye nimemsamehe. Baba ndiye bado."

"Bado nini?"

"Bado sijaweza."

Adriano akaokota spana, akairudisha chini. Akangoja hatua inayofuata, kwa kuwa aliona wazi kwamba anazungushwa. Lakini Elikana alifunga kisanduku cha spana, akamwachia jirani banda lake. "Twende nikamwone huyo mtoto asiye na adabu. Fatouma namjua, anauza mchele wa Tanzania. Wanafunzi wanakaa kwenye ghala lake, wanapiga kelele hadi barabarani."

Wakaenda. Njiani kila mtu alimsalimia Elikana, na kila mara Elikana alisema, "Huyu ni mdogo wangu, tumetoka tumbo moja," naye Adriano kila mara aliwatazama wale watu kuona kama wanalijua jina lake tayari.

Ghala lilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wazi. Wakasimama kizingitini, kwenye kivuli cha bati. Ndani, wanafunzi kama kumi na mmoja. Watatu walikaa juu ya magunia ya mchele, wamenyoosha migongo kama watu wazima, wa katikati ameshika mpini wa ufagio kwa mkono wa kulia. Swabra alikuwa kwenye meza ndogo, anaandika. Mwanamke mwembamba mwenye chaki mfukoni, bila shaka Madamu Emiliana, aliegemea ukuta. Na katikati ya sakafu alisimama Adventina, kichwa chini, na mbele yake kijana mrefu anatembea huku na huko, mikono nyuma kama wakili.

"Waheshimiwa wazee," kijana akasema, "mimi nauliza jambo moja. Siku ya msiba, Adriano alilia. Alimlilia nani? Baba yake? Au alikuwa anafanya mazoezi, ili kaka mtu akirudi machozi yawe tayari?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mlangoni, Elikana naye akatabasamu, akamgusa Adriano kiwiko. "Umesikia? Wana Adriano wao."

"Moses, pole pole," mwalimu akasema. "Mtetezi, jibu."

Adventina akainua kichwa, lakini alitazama karatasi yake, hakutazama mlango. "Waheshimiwa, Adriano alibaki. Mwenzake alipokimbia, yeye alibaki na mzee. Alimwuguza peke yake, akamzika peke yake. Hilo mliandike. Lakini ule uongo..." Akaigeuza karatasi. "Ule uongo bado nautafutia utetezi."

"Hutaupata kwa sababu haupo!" Moses akasema. "Yeye anajua, na wazee waliokuwa chumbani wanajua. Wamenyamaza tu!"

"Nani kawaambia?"

Adriano alikuwa ameshaingia ndani. Hakumbuki alivyovuka kizingiti. Alipiga teke debe la kupimia mchele, likabingirika hadi ukutani.

"Nani kawaambia, ni Nazario? Si nilijua! Haya, baba alimwachia Elikana la chini, kuanzia chemchemi mpaka mtoni, nani amekataa? Aliyasema, nilikuwepo! Lakini nani kalilima? Huyu alikuwa kambini anaigiza maigizo, mi nalala na njaa napalilia! Leo mnaniita mwizi mbele ya watoto, na hata hizo kalamu mnazoniandikia nimezinunua mi!"

Debe likaacha kuzunguka. Mtoto mmoja wa juu ya gunia alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Karibu, mzee," Madamu Emiliana akasema taratibu, kwa Kiswahili cha upande wa pili wa mpaka. "Samahani, wewe ni nani?"

"Nani? Si mnanitaja tangu asubuhi!"

"Ni baba yangu," Adventina akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mwalimu akamtazama msichana, akamtazama mzee, kisha akachukua kitabu chembamba mezani, akakifungua na kumwekea Adriano mbele ya macho. "Mzee wangu, hii ni tamthilia. Imepangwa kwenye mtihani wa mwaka huu. Ni habari ya ndugu wawili na shamba. Mbaya wao anaitwa Misago. Angalia, Misago, Misago, kila ukurasa."

Adriano akaangalia. Kweli, Misago.

"Lakini daftari limeandikwa Adriano."

"Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, tangu nikiwa Gitega. Wakimchukia mhusika wanaandika nusu ya jibu, na msahihishaji anataka pande zote mbili. Nikawaambia, huyu mbaya mpe jina la mtu unayempenda kuliko wote, halafu mtafutie utetezi kama unavyomtafutia mtu wako. Kila siku zamu ya mmoja. Jana mwizi alikuwa mama yake Moses."

"Na mama alishinda kesi," Moses akasema, na mara akatamani asingesema.

Adriano akafungua mdomo. Aliona maneno kadhaa yanayoweza kusemwa: kwamba safari imemchosha, kwamba alikuwa anatania, kwamba lile la chini alilolitaja ni la chini jingine. Akayapima yote kwa haraka, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni huku anasikia hatua nyuma yake.

"Kaka," akasema, "twende tuongee nje."

Elikana hakuondoka kizingitini. "Baba hakuuza," akasema. Hakuwa anauliza.

"Twende nje, kaka."

"Baba hakuuza. Aliita wazee, akanitaja jina." Alikuwa anasema kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Matanga yake mliyamaliza mimi nimesharudi, mkaniita. Mlituma watu mara mbili. Nikasema siji kunywa pombe ya mtu aliyenifuta. Mke wangu alinibembeleza, nikamkemea. Miaka yote hii kila anayenitajia baba namwambia, yule aliniuza mimi kabla sijafika. Watoto wangu hawajui kaburi la babu yao liko upande gani wa nyumba. Nimewakataza wasiende."

Adriano alikuwa amejitayarishia kesi ya shamba. Kaburi hakuliweka kwenye hesabu. Akatazama mikono ya kaka yake, mafuta meusi mpaka kwenye vifundo, akangoja atukanwe, maana tusi angalau lina jibu.

Madamu Emiliana akapiga makofi mawili kwa viganja vyake. "Haya, watoto, kwa leo tuishie hapa. Kusanyeni vitu."

"Hapana, Mwalimu," Elikana akasema. "Naomba wakae."

"Mzee, hawa ni wanafunzi. Wanajiandaa na mtihani tu."

"Nimewaona. Wamekaa vizuri." Akaingia, akakaa juu ya gunia lisilo na mtu, akaweka mikono magotini. "Nyumbani kwetu aliyeonewa ndiye anayeita. Mimi ndiye niliyeonewa. Naita."

Kijana wa katikati akamtazama mwalimu kwa macho makubwa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaurudisha mgongo wake ukutani. Kijana akagonga sakafu kwa mpini wa ufagio, mara moja, si kwa nguvu.

"Mtetezi," akasema, akajiweka sawa juu ya gunia. "Mtetezi asimame."

Adventina alikuwa bado amesimama. Aliitazama karatasi yake, akamtazama baba yake usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Adriano aliyaona yale macho akataka kumwambia, sema mama, sema lolote, wewe ndiye unayejua kusema. Msichana akaikunja karatasi mara mbili.

"Mtetezi hana la kuongeza, waheshimiwa. Mwenyewe yupo."

Akaenda kukaa karibu na Swabra.

Adriano akabaki peke yake katikati ya sakafu. Mchele uliomwagika kutoka kwenye debe ulikuwa unavunjika chini ya viatu vyake kila alipohama mguu, kwa hiyo akaacha kuhama. Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa wazi, gari la Gitega labda bado lipo. Lakini kwenda wapi? Kwa Josefina atakayeambiwa na Houssein, atakayekuwa ameambiwa na Swabra? Buraza, kwa Nazario, ambaye sasa ataitwa?

"La chini," akasema, akakohoa. "La chini linaanzia chemchemi."

Swabra akainua kalamu, akageuka huku na huko. "Niandike hii nayo?"

"Andika," Elikana akasema.

"Linaanzia chemchemi, linashuka na ua wa minyaa. Ua wa zamani, si ule mpya. Ule mpya niliupanda mi." Akachora hewani kwa kidole. "Unafika kwenye mti wa mvumu, ule mkubwa. Kutoka kwenye mvumu unakwenda moja kwa moja mpaka mtoni. Migomba yote iliyo ndani, na kahawa. Miti ya kahawa mia moja na arobaini ilikuwa ya baba, mingine niliongeza mi. Yote ni ya Elikana. Baba alisema hivyo mbele ya wazee wawili. Mi nilikuwa nimeshika taa."

Kalamu ya Swabra ilikwaruza, ikafika mwisho, ikatulia.

"Isome," Elikana akasema.

Swabra akasoma. Mwandiko wake ulikuwa wa haraka lakini alisoma vizuri, kama walivyofundishwa, anaheshimu nukta na mkato. Wale watatu wa juu ya magunia walitikisa vichwa bila kujua wanavitikisa.

"Huo mvumu uko ndani au nje?"

"Kaka, nimesema kweli yote."

"Sikuuliza kama umesema kweli. Nimeuliza mvumu uko ndani au uko nje."

Adriano akainamisha kichwa. Huyu mtu alipoambiwa mwanzo kwamba shamba limeuzwa, alikuwa amechukua kamba za mbuzi wawili na kusema asante.

"Uko ndani," akasema.

"Binti, andika ndani. Na ua wa zamani, andika una hatua ngapi kutoka kwenye ule mpya."

"Hatua tisa," Adriano akasema. "Au kumi."

"Tisa au kumi?"

"Kumi na mbili."

Swabra akaandika, akawapitishia wenzake watie majina yao chini kama mashahidi. Moses aliandika lake kwa herufi ndogo sana. Adventina aliandika la mwisho, majina yote matatu, pamoja na lile la ukoo. Mwalimu naye akaongeza lake na tarehe. Kisha karatasi ikafika kwa Elikana, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaifuata mstari kwa mstari, midomo inacheza. Alipomaliza akaigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu. Akamrudishia Swabra.

"Soma tena, mwanangu, pole pole," akasema. "Na wewe Adriano, sogea hapa mbele, nikuone uso."